Salamu Zimesitishwa Mpaka Tija Ipande

Kila siku ya kazi, saa moja na dakika tano asubuhi, Sikudhani binti Mbaruku alitundika mkoba wake kwenye msumari ulio karibu na mashine namba tatu, akajifunga kilemba, kisha akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa aproni. Hakuwa anatafuta kitu. Alikuwa anangoja.

Hapo palikuwa Kiwanda cha Taifa cha Viberiti, katika Jamhuri ya Mwendapole. Msomaji asijisumbue kuitafuta nchi hiyo kwenye ramani, kwa maana wachora ramani walipofika huko waliambiwa warudi kesho. Kazi ya Sikudhani ilikuwa kujaza njiti kwenye visanduku. Aliyekuwa akimngoja ni Machano, fundi mitambo, ambaye kila asubuhi alipita hapo na kalamu ya risasi sikioni na kopo la grisi mkononi.

"Sikudhani, umeamkaje?"

"Salama. Wewe je?"

"Salama. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mama?"

"Mama hajambo, ila goti."

"Bado lile la kushoto?"

"Lile lile la kushoto."

"Mpe pole nyingi. Mwambie asikae kwenye saruji, inavuta baridi."

"Zitafika."

Basi. Machano aliendelea na safari yake, na Sikudhani akabaki akitabasamu na njiti zake. Walikuwa wamesalimiana hivyo kwa miaka miwili. Mtu mwingine angeona si kitu. Lakini Sikudhani alikuwa mtu wa haya kiasi kwamba akienda sokoni kununua nyanya hurudi na bamia, kwa kuwa kwenye nyanya palikuwa na watu na angelazimika kupaza sauti. Kwake yeye, goti la mama lilikuwa hotuba. Alikuwa na jambo la kumwambia Machano, na kila siku alijiapiza kwamba leo atalisema, likishapita tu suala la goti. Tatizo ni kwamba likishapita goti, king'ora cha kazi hulia.

Jumatatu moja walikuwa ndio kwanza wamefika kwenye "Na mama?" pale kipaza sauti kilichokuwa juu ya mlango, ambacho hakikuwahi kusema lolote tangu sherehe za uhuru, kilipokohoa mara mbili.

"Wananchi watiifu! Kuanzia dakika hii, salamu zote mahali pa kazi zimesitishwa mpaka tija ipande. Asanteni sana. Msijibu."

Machano alibaki ameinua kopo la grisi hewani. Sikudhani alikuwa ameshalileta goti mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

*

Inafaa tueleze sera hii ilikotoka, kwa sababu haikutoka hewani, ingawa ilifanana nayo.

Mwendapole imezungukwa na majirani, kama nchi nyingine zote, na majirani hao walikuwa na tabia ya kuudhi ya kuendelea. Jirani wa kaskazini aliwapeleka wafanyakazi wake darasani kila mwaka. Jirani wa kusini alinunua mashine mpya, halafu, jambo la ajabu, akanunua na vipuri. Tondoro, jirani wa ng'ambo ya mto, alianza kulipa mishahara tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Tija ikapanda kote kote. Wakubwa wa Mwendapole waliumiza vichwa usiku na mchana, lakini hawakuweza kabisa kutambua sababu.

Ndipo Waziri wa Tija, Mheshimiwa Dokta Injinia Ngongoti, alipofunga safari kwenda Tondoro kujifunza. Aliongozana na watu thelathini na mmoja, wakiwamo wapiga picha wanne, mshika mwavuli, msaidizi wa mshika mwavuli, na mtaalamu mmoja wa mambo ya tija. Mtaalamu aliachwa mpakani kwa kuwa magari yalikuwa yamejaa.

Msafara ukaingia kwenye kiwanda cha sabuni. Sasa, Tondoro ni kama Mwendapole, na ni kama kwenu pia: anayeingia ndiye anayetoa salamu. Hata mtoto anayetumwa chumvi kwa jirani analijua hilo. Lakini Mheshimiwa alikuwa na miaka kumi na tisa ya uwaziri, na katika miaka hiyo hakuwahi kumwanza mtu kwa salamu. Alikuwa amezoea kusalimiwa yeye, kwa makofi, na ikibidi kwa ngoma. Kwa hiyo akasimama mlangoni, tumbo mbele, akangoja.

Wafanyakazi wa Tondoro nao wakangoja. Mgeni ndiye kaingia, mgeni ndiye aseme.

Mgeni hakusema. Wenyeji wakaona haya, wakainamisha vichwa na kukazana na sabuni zao ili macho yapate pa kukaa. Ikapita saa ya kwanza kimya. Ikapita saa ya pili kimya. Sabuni zikakatwa, zikapangwa, zikafungwa, hakuna aliyefungua mdomo. Msafara ulipotoka ukiwa umechoka kwa kusimama, Waziri alimgeukia katibu wake.

"Umeona?"

"Nimeona, Mheshimiwa. Nimeona nini?"

"Hawasalimiani! Siri yenyewe ndiyo hiyo!"

Katibu akaiandika siri kwa wino mwekundu.

Ripoti ilitoka na kurasa mia nne na kumi na mbili. Ilibainisha kwamba mfanyakazi wa Mwendapole hutumia dakika arobaini na saba kwa siku kusalimia, na kati ya hizo, dakika kumi na tisa huwahusu wazazi, shangazi na watoto wa watu ambao si waajiriwa wa kiwanda. Siku ya kuizindua, Mheshimiwa alisema maneno ambayo baadaye yalipakwa rangi kwenye kuta zote za nchi:

"Ndugu wananchi! Jirani zetu hawatuzidi akili, hawatuzidi mashine, wala hawatuzidi mishahara, na anayebisha mishahara anyooshe mkono aandikwe jina. Wanatuzidi kimya! Tangu leo tutanyamaza mpaka tuwapite. Mwananchi akimwuliza mwenzake 'habari za nyumbani', na ajue kwamba nyumbani si mahali pa kazi, na habari si bidhaa!"

Watu walipiga makofi, kwa kuwa kupiga makofi kulikuwa hakujasitishwa.

*

Kiwanda cha Viberiti kilipewa Mkaguzi wa Salamu, Bwana Tindwa, mtu mpole aliyekuwa karani wa posta. Alikabidhiwa saa ya kuning'iniza shingoni, filimbi, na daftari la wahalifu. Siku ya kwanza alipoingia kazini alisema "Jamani, hamjambo?" kwa mazoea, kisha akajipulizia filimbi na kujiandika wa kwanza kwenye daftari.

Serikali haikuwa na roho mbaya. Ilijua kwamba binadamu hawezi kuishi bila salamu kabisa. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi kipaza sauti kilisoma Salamu ya Taifa: "Wananchi, hamjambo? Hatujambo. Na sisi hatujambo. Kazi njema." Jibu lilikuwa limeshatolewa humo humo na wataalamu, ili kuokoa muda. Na kwa mwenye haja maalumu kulikuwa na Fomu ya Maombi ya Salamu, inayojazwa nakala tatu na kujibiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi.

Sikudhani aliijaza siku ile ile. Alikaa nayo mapajani wakati wa chakula, na Bi. Mkunde, mama wa makamo aliyekaa naye benchi moja, ambaye kunyamaza kulimtoa jasho kuliko kazi, akamchungulia begani.

"Jina la msalimu, Sikudhani. Jina la msalimiwa, Machano. Ehe! Mwanangu, taratibu, karatasi isiungue!"

"Bi. Mkunde, ni salamu tu."

"Sijasema kitu. Na hapo panapouliza sababu ya salamu, umeandika nini?"

"Goti la mama."

"Goti!" Bi. Mkunde akajiziba mdomo na khanga, maana Bwana Tindwa alikuwa anapita. "Mtoto wa kike ana miaka ishirini na sita, anamtuma mama yake, tena kwa goti."

Baada ya siku kumi na nne fomu ilirudi ikiwa na mhuri wa bluu: *Sababu haijitoshelezi. Mwombaji aeleze kusudio halisi.*

Sikudhani akajaza nyingine. Safari hii aliandika, "Kuulizana hali kwa ujumla." Ikarudi: *Eleza kusudio halisi.* Ya tatu aliandika, "Kusudio ni salamu." Ikarudi ikiwa na mhuri mwekundu, na chini yake ofisa asiyejulikana, ambaye pengine naye alikuwa ana mtu wake mahali, alikuwa ameongeza kwa mkono: *Dada, sema tu ulichokusudia.*

Aliikunja karatasi hiyo mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni, akawa sasa ana kitu cha kutafuta humo kila asubuhi. Machano alipita, akainua kopo la grisi kidogo, kiasi ambacho sheria haikukataza. Sikudhani akainua kisanduku cha viberiti. Bwana Tindwa akatazama dari.

*

Huku nyuma tija ilikuwa inafanya mambo yake.

Kabla ya sera, viberiti vilitengenezwa kwa salamu, ila hakuna aliyelijua hilo. Mtu wa gundi akiulizwa "Habari za huko?" alijibu, "Huku kwema, ila gundi ya leo nyepesi," na wa visanduku akapunguza mwendo. Mtu wa baruti asipoonekana, wenzake waliulizana, "Mbona Shomvi hatujamsikia leo?" na mwingine akaenda kushika nafasi yake. Sasa hakuna aliyemwuliza mwenzake lolote. Gundi ikawa nyepesi wiki nzima, visanduku vikafumuka madukani. Mzee Shomvi aliugua mafua siku tatu, na kwa siku tatu mashine namba moja ikatoa njiti safi, zilizonyooka, zisizo na vichwa, na Sikudhani akazijaza hamsini hamsini akidhani labda ndiyo mtindo mpya. Angemwuliza nani?

Wananchi walipolalamika kwamba viberiti haviwaki, Wizara ilitoa tamko la kujivunia. Moto wa majumbani ulikuwa umepungua kwa kiwango kisichowahi kutokea. Jina la bidhaa likabadilishwa, likawa Kiberiti cha Usalama.

Wafanyakazi nao walianza kupungua. Hawakugoma, wala hawakuandamana. Walivuka mto tu. Tondoro kulikuwa na kazi, na zaidi ya kazi, aliyefika huko kwanza aliandika barua kwamba ukiingia mlangoni asubuhi watu kumi wanakuuliza umelalaje. Barua ilisomwa chooni, kwa zamu, mpaka ikachakaa. Wiki iliyofuata wakavuka kumi na wawili. Iliyofuata, thelathini. Wale wale waliokuwa wakijaza visanduku themanini kwa saa Mwendapole wakaanza kujaza mia na arobaini Tondoro, wakiongea muda wote.

Habari hizo zilipomfikia Mheshimiwa Ngongoti, aliita waandishi wa habari.

"Wapinzani walisema sera hii haitainua tija," alisema huku akipangusa miwani. "Leo nina takwimu. Tangu tuianzishe, tija imepanda kwa asilimia thelathini. Imepanda Tondoro, ndiyo. Je, kuna nchi gani nyingine duniani yenye moyo wa kuinua tija ya jirani yake? Wengine wanatoa misaada ya maneno. Sisi tumetoa wafanyakazi!"

Akatangaza kwamba ujumbe wa Tondoro ungekuja Ijumaa kutoa shukrani, na kwamba, kwa ukarimu wa Mwendapole, basi litakalowaleta wageni litarudi na wafanyakazi wengine arobaini watakaojiandikisha.

Sikudhani aliambiwa habari iliyobaki akiwa anaosha mikono. Bi. Mkunde alifungua bomba mpaka mwisho ili maji yapige kelele.

"Orodha ya basi nimeiona. Wa saba ni Machano."

Sikudhani akaendelea kuosha mikono iliyokwisha takata.

"Nimemwuliza kwa nini. Kasema, 'Bi. Mkunde, nyumbani naishi peke yangu. Hapa ndipo nilipokuwa naulizwa hali. Sasa miezi mitatu hakuna anayejua kama nimeamka.' Umesikia? Mwanamume mzima, machozi yamemlengalenga." Bi. Mkunde akafunga bomba, akafungua tena. "Ijumaa, mwanangu. Saa nne basi linaondoka. Usije ukaniambia sikukwambia."

*

Ijumaa kiwanda kilipambwa kwa vitambaa vya rangi na maandishi KIMYA NI KAZI. Wafanyakazi waliobaki walipangwa mistari miwili. Arobaini wa orodha walisimama karibu na mlango, kila mmoja na mfuko wake. Machano alikuwa na begi dogo na kopo lake la grisi, ambalo alikuwa amelisafisha mpaka linang'aa. Sikudhani alisimama mstari wa pili, hatua sita kutoka kwake. Alizihesabu.

Basi likafika, likasimama nje bila kuzima injini. Wa kwanza kushuka alikuwa meneja wa kile kiwanda cha sabuni, Bi. Mwantumu Kheri, mama mfupi mnene aliyevaa viatu vya raba. Mheshimiwa Ngongoti alimtangulia ndani na kusimama mbele ya mistari, tumbo mbele. Bi. Mwantumu akafika kizingitini, akasimama.

"Hodi hapa!" akasema kwa sauti ya kuamsha nyumba. "Wenyewe, hamjambo?"

Kimya.

"Wenyewe, nasema hamjambo nyote? Habari za hapa?"

Bwana Tindwa akaitia filimbi mdomoni, akaitoa. Bi. Mkunde alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemtoka.

Bi. Mwantumu akamgeukia Waziri taratibu. "Mheshimiwa, watu wako wana nini? Mmefiwa?"

"Ni tija, Bibi," Waziri akasema kwa fahari. "Tulijifunza kwenu."

"Kwetu? Lini?"

"Tulipokuja kiwandani kwako. Saa mbili nzima, hakuna aliyesalimia!"

Bi. Mwantumu akashika kiuno.

"Mheshimiwa, nyinyi ndio mlioingia! Mliingia watu thelathini hamkusema hata hodi! Sisi tulikaa pale tunangoja mtusalimie. Wasichana wangu waliumia mpaka siku tatu, wakiulizana, 'Tumewakosea nini watu wa Mwendapole?' Mmoja akasema labda mmetoka mazishini. Mpaka ubani tulichanga, tukakosa mtu wa kumpelekea!"

Katibu wa Waziri alilifungua daftari kwenye wino mwekundu, akalifunga. Msaidizi wa mshika mwavuli alianza kucheka, akajifanya anakohoa.

Mheshimiwa Ngongoti hakuwa mtu wa kukaa uchi wa hoja kwa muda mrefu. Alikohoa, akanyoosha tai. "Ndivyo hasa tulivyotaka kuthibitisha," akasema. "Awamu ya kwanza imekamilika. Sasa natangaza awamu ya pili. Salamu zinarejeshwa, na kila mfanyakazi atasalimia watu wasiopungua arobaini kwa siku, kwa risiti!"

Hakuna aliyesikia risiti. Walisikia "zinarejeshwa" tu. Bi. Mkunde aliachia benchi, na kile kilichomtoka kilikuwa kama bomba lililofunguliwa baada ya miezi mitatu: "Hatujamboooo! Karibuni! Habari za Tondoro, za safari, za watoto, na wale waliochanga ubani!" Na papo hapo kiwanda kizima kikalipuka. Mzee Shomvi aliulizwa mafua na watu kumi na watano kwa pamoja. Bwana Tindwa alikuwa akimsalimia kila mtu kwa jina, kutoka kwenye daftari la wahalifu.

Lakini orodha ilikuwa orodha. Dereva alipiga honi. Watu wa mlangoni walishika mifuko yao, wakatazamana. Wengine wakaiweka tena chini, wengine wakatoka. Machano alitazama upande wa mashine namba tatu, akainua kopo la grisi kidogo kama kawaida, akageuka kuelekea kwenye basi.

Sikudhani aliitia mikono mfukoni mwa aproni. Karatasi ilikuwa humo, imekunjwa mara nne. Akatembea zile hatua sita. Katikati ya kelele zile, hakuna aliyemwona, mpaka aliposimama mbele ya Machano na wa karibu wakanyamaza, kisha wa karibu yao, mpaka kukawa kimya kama cha siku za sera.

"Machano," akasema.

"Naam. Sikudhani, umeamkaje?" Sauti ya Machano ilikuwa na kutu ya miezi mitatu.

"Salama. Wewe je?"

"Salama. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mama?"

"Mama hajambo, ila..."

Honi ikalia tena. Mheshimiwa Ngongoti akauliza nani huyo anayechelewesha ratiba. Bwana Tindwa akampulizia filimbi Waziri wa Tija, kwa heshima, mara moja, akaweka kidole mdomoni.

"Ila goti?" Machano akauliza polepole. "Bado lile la kushoto?"

Sikudhani alivuta pumzi. Masikio yalikuwa yanamwaka kuliko njiti yoyote aliyowahi kuijaza.

"Goti lilipona," akasema, na sauti yake ikatoka kubwa, ikafika mpaka kwa dereva. "Lilipona mwaka jana, kabla ya mwezi wa Ramadhani. Mama anapanda ngazi, anacheza mpaka harusini. Mimi ndiye niliyekuwa naliuguza kila asubuhi ili uniulize. Usipande hilo basi, Machano. Njoo nyumbani na wazee wako, mje kuniposa."